Deni la Skuli na Haki ya Asiyekuwapo

 

Ndugu zangu wasomaji, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi yupo mzee mmoja asiyekosa kuhudhuria, naye si mtu wa maneno mengi. Usiku mmoja, siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2024, alingoja mpaka watu wakatawanyika, kisha akanijia na karatasi mkononi. Ana mtoto wake wa kiume aishiye Los Angeles, katika jimbo la California, ambaye amekwisha kuwa raia wa nchi ile, na watoto wake wanasoma katika skuli za serikali za mji ule. Kijana alikuwa ameletewa karatasi yake ya kura kwa posta, kama ilivyo ada ya jimbo lile, na ndani yake mlikuwa na suali lililomtia wasiwasi: je, aridhia mamlaka ya skuli za mji yakope dola bilioni 9 za kutengeneza na kujenga majengo ya skuli, na deni lilipwe kwa kodi ya majumba na ardhi? Basi akamwandikia babake amwulizie: aseme ndiyo, aseme la, au anyamaze?

Mzee akaniambia, "Sheikh wangu, mimi nilidhani ataniuliza khabari ya nyama. Hili la skuli silijui."

Wala mimi sikulijua. Nikamwomba muhula wa siku tatu, nikasoma nilichoweza kukisoma. Na kadiri nilivyosoma niliona kwamba suali lile si la Los Angeles peke yake, bali ni letu pia. Kwa hiyo nimeonelea niliandike hapa, ili tulitazame pamoja.

Yafaa kwanza tujue deni lenyewe ni la namna gani, kwani mtu hahukumu kitu ila baada ya kukifahamu. Katika Marekani, majengo ya skuli za serikali kwa kawaida hayajengwi na serikali kuu. Wilaya ya skuli, mara nyingi, ina mipaka yake, ina baraza lake lililochaguliwa na watu, na ina sehemu yake katika kodi. Mishahara ya waalimu na vitabu vya watoto hutoka katika mapato ya kila mwaka. Lakini jengo ni kitu kikubwa, halijengwi kwa mapato ya mwaka mmoja. Basi wilaya huandika hati za deni, ambazo siku hizi sisi twaziita hati fungani, ikaziuza kwa wenye mali. Fedha hupatikana leo, na deni hulipwa kidogo kidogo pamoja na riba yake kwa muda wa miaka ishirini au thelathini. Malipo hayo hutoka katika kodi ya nyongeza wanayotozwa wenye majumba na ardhi za wilaya ile. Na kwa kuwa kodi ni mali ya watu, katika California, na katika majimbo mengi mengine, deni hilo halichukuliwi ila watu waulizwe kwanza kwa kura.

Tena si kura ya wingi mdogo. Mwaka 1978 watu wa California walipitisha sheria iliyofunga kodi ya majumba isizidi asilimia 1 ya thamani iliyoandikwa, na mlango wa madeni mapya ya namna hii ukafungwa. Mwaka 1986 mlango ukafunguliwa, lakini kwa sharti la theluthi mbili za wapiga kura. Mwezi wa Novemba 2000 wakateremsha sharti hilo kwa skuli, likawa asilimia 55. Na walipoteremsha hivyo waliweka vizuizi: iandikwe orodha ya kazi zitakazofanywa; fedha zisiguswe kwa mishahara ya waalimu wala ya wasimamizi; hesabu zikaguliwe kila mwaka; na iwepo kamati ya raia wasiopungua 7, miongoni mwao mzazi, na mtu wa wafanya biashara, na mtu wa chama cha wazee, na mtu wa chama cha walipa kodi, waangalie fedha zinakwenda wapi. Nasema kweli, niliposoma hayo nilikumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile inayotuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Wale wametenda sehemu ya aya yetu, na sisi wenye aya twakopeshana kwa maneno matupu, halafu twateteana kwa kadhi.

Na haja yao ya kujenga haikuwa ya mapambo. Tarehe 10 Machi 1933, jioni karibu na Magharibi, ardhi ilitetemeka katika mji wa Long Beach, jirani na Los Angeles. Majengo ya skuli zaidi ya 200 yaliporomoka, au yakaharibika vibaya, au yakaonekana hayafai tena kukaliwa. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda kwao. Lau tetemeko lile lingalikuja adhuhuri, wangalizikwa kwa maelfu. Katika muda wa mwezi mmoja tu, tarehe 10 Aprili, jimbo likatoa sheria ya kuwa skuli zijengwe kwa uimara maalumu na kwa uangalizi wa serikali. Watu wale hawakutosheka na kusema kwamba ni kadari, wakaendelea na usingizi. Walishukuru kuokoka kwa watoto, kisha wakafunga ngamia.

Miaka mingi baadaye pakaja balaa nyingine isiyo na kishindo. Watoto wa Los Angeles walizidi majengo. Skuli nyingi zikawa hazifungwi mwaka mzima: kundi moja likiingia, jingine liko likizoni, kwa zamu. Na katika kalenda mojawapo ya hizo za zamu mtoto alisoma siku 163 kwa mwaka, badala ya siku 180 za wenziwe. Hesabuni, ndugu zangu. Siku 17 kila mwaka, kwa miaka 12, ni siku 204: zaidi ya mwaka mzima wa masomo umepotea, na mtoto hana khabari kwamba ameibiwa. Waliopatwa na hayo zaidi walikuwa watoto wa masikini na wa wahamiaji. Mwaka 1997 wapiga kura wa mji ule wakaridhia deni la dola bilioni 2.4, na baada yake mengine makubwa zaidi, na skuli mpya zaidi ya 130 zikajengwa. Na kesi iliyopelekwa mahakamani mwaka 2000 ikamalizika mwaka 2004 kwa mapatano kwamba kalenda ile ya kupunguza siku iondoshwe ifikapo mwaka 2012.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Watu wengi hudhani kwamba mwenye kusema "tukope" anamtwika mtoto mzigo, na mwenye kusema "tusikope" anamwacha huru. Si hivyo. Mtoto aliyepoteza siku 204 amelipa. Mtoto aliyekaa chini ya paa litakalomwangukia amewekwa rehani. Skuli isiyojengwa nayo ni deni, ila ni deni lisiloandikwa, halina mashahidi, na mlipaji wake ni yule yule mdogo asiyeulizwa. Kwa hiyo suali si kama tumtwike asiyekuwapo au tusimtwike. Suali ni: kati ya sisi tuliopo na yeye asiyekuwapo, ni nani aanze kulipa, na kwa kadiri gani?

Dini yetu haikumsahau huyu asiyekuwapo. Ilipofunguliwa nchi ya Iraki katika zama za Sayyidna Umar, radhi za Mungu ziwe juu yake, baadhi ya sahaba walitaka ardhi ile yenye rutuba wagawiwe waliopigana, kama zinavyogawiwa ngawira. Umar akakataa. Akashauriana na watu siku nyingi, wakambishia, naye akashikilia. Hoja yake ilikuwa hii: ikigawiwa leo, watakaokuja baadaye watapata nini? Akatoa dalili kwa aya za Suratul Hashri, zinazowataja Muhajirina, kisha Ansari, kisha wale watakaokuja baada yao. Ardhi ikaachwa mikononi mwa wenyewe, ikatozwa kharaji, na mapato yake yakawa ya Waislamu wa wakati ule na wa baadaye. Tazameni: wale watu wa baadaye hawakuwa na msemaji katika baraza lile, wala ndugu, wala silaha. Msemaji wao alikuwa Khalifa mwenyewe. Na Umar huyo huyo, alipopata shamba zuri la Khaibar, alimshauri Mtume, akalifanya wakfu: shina lisiuzwe wala lisirithiwe, na matunda yake yawe ya wahitaji.

Basi wakfu na deni ni watu wawili wanaopita njia moja na kuelekea mahali pamoja. Wote wawili wanakwenda kwa mtoto ambaye hajazaliwa. Mmoja amebeba kapu la matunda, na wa pili amebeba hesabu ya kulipwa. Lililo bora halina ubishi. Lakini asiye na shamba la Khaibar, na paa linavuja, afanyeje? Hapo ndipo deni linapoweza kuwa la haki au la dhulma, na mimi naona mizani yake ni mambo matatu.

La kwanza, deni lisiishi zaidi ya kitu lililokinunua. Jengo imara hudumu miaka hamsini na zaidi. Si dhulma kwamba atakayesomea ndani yake mwaka wa ishirini naye, atakapokuwa mtu mzima mwenye nyumba, achangie. Kwani anachokilipia anacho. Lakini kununua kwa deni la miaka thelathini kitu kitakachotupwa baada ya miaka mitano ni kumlipisha mtu chakula alichokula babu yake. Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, nayo imesema maana hiyo: kwamba mizigo na manufaa ya matumizi ya mali na ya mikopo ya umma yagawanywe kwa usawa baina ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Maneno hayo ni mazuri. Kuyatenda ni jambo jingine.

La pili, anayeridhia deni aanze yeye kulipa. Hili ndilo kubwa kwangu, na mfano wake uko California pia. Karibu na San Diego pana wilaya ya skuli iitwayo Poway. Mwaka 2008 watu wake waliridhia deni la dola milioni 179, nao wakaahidiwa kwamba kiwango cha kodi yao hakitapanda. Ahadi kama hiyo ni tamu, lakini kazi ya kujenga haifanywi kwa utamu. Basi mwaka 2011, ili ahadi isivunjike, wilaya ilikopa dola milioni 105 kwa hati za namna ya peke yake: hailipwi hata senti kwa miaka zaidi ya 20, na riba inazaa riba muda wote huo. Malipo yaanze mwaka 2033, yaishe mwaka 2051. Na jumla ya kulipwa ni karibu dola milioni 981. Yaani kwa kila dola moja iliyokopwa zitalipwa zaidi ya dola tisa.

Ndugu msomaji, zingatia jambo hili. Hapakuvunjwa mlango, wala hapakuibwa ufunguo. Kura ilipigwa, hati zilitiwa sahihi na mawakili wakapokea ujira wao. Na watakaolipa, wengi wao siku ile walikuwa wakijifunza kutembea. Khabari ilipoenea, watu walishtuka, na mwaka 2013 jimbo likatunga sheria: hati za namna ile zisipite miaka 25, na jumla ya malipo isizidi mara nne ya kilichokopwa. Hata mara nne ni kitu cha kutisha. Lakini waliokuwa wamekwisha fungwa na deni la kwanza sheria haikuwafungua.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliletewa jeneza la mtu mwenye deni lisilo na cha kulilipia, akawaambia sahaba wamsalie wao. Hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu ya shingo yake. Ikiwa deni ni zito hivi kwa mtu aliyelichukua kwa ulimi wake na akala kwa mkono wake, je, ni zito namna gani kwa yule aliyelichukua kwa ulimi wa mwenziwe? Anayenyanyua mkono kusema "ndiyo", hali mkono wa kutoa fedha ni wa mtoto, asijiite mkarimu. Ukarimu ni wa mtu na mfuko wake.

La tatu, fedha iende katika lililo la lazima, na awepo wa kuitazama. Mwaka 2010 mji wa Los Angeles ulifungua skuli mahali palipokuwa na hoteli alimopigwa risasi Robert Kennedy mwaka 1968. Gharama yake ilikuwa dola milioni 578. Wapo walioitetea, wakasema ardhi ya pale ni ghali na watoto wa mtaa ule walikuwa wakisafirishwa mbali. Na hayo ni kweli. Lakini mwenye kukopa kwa ajili ya tumbo la mtoto haagizi sahani za dhahabu. Kila anasa iliyoingia katika jengo la deni ina mlipaji wake, naye hakuombwa shauri juu ya rangi ya kuta.

Na asiyekuwapo si yule wa kesho peke yake. Yupo pia yule wa mtaa wa pili. Kodi ya majumba hutegemea majumba. Palipo na majumba ya kifakhari, kodi ndogo huleta mali nyingi, na palipo na vibanda, kodi kubwa huleta kidogo. Katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas, wazazi wa wilaya ya Edgewood walishitaki kwa jambo hili. Wao walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani, wakapata dola 26 kwa kila mtoto. Jirani zao wa Alamo Heights walijitoza senti 85 tu, wakapata dola 333. Masikini alijikamua zaidi akapata kidogo. Mwaka 1973 mahakama kuu ya nchi, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikaamua kwamba katiba ya nchi yao haikatazi hayo. Basi watu waweza kuwa waadilifu baina yao ndani ya mpaka wa wilaya, na mpaka wenyewe ukawa ndio dhulma. Hili mpiga kura mmoja hawezi kuliondoa kwa karatasi moja, lakini asilifumbie jicho akadhani kwamba amemaliza.

Patakuwa na mtu atakayeuliza: mama mzee mwenye nyumba yake, asiye na mtoto wala mjukuu katika skuli, alipishwe kwa sababu gani? Jawabu ni kwamba elimu ni katika faradhi za kutosheleza: wakiisimamisha wa kutosha, wengine husamehewa, wasipoisimamisha, wote wamepata dhambi. Daktari atakayempima mama yule, na fundi atakayemtengenezea taa yake, walikaa katika darasa lililojengwa na watu waliokuwa hawawajui. Lakini haki yake naye ilindwe: kodi isimtoe katika nyumba yake.

Sasa nafika kwenye riba, nami sitaki kuzungukazunguka. Mwenye kuinunua hati ile kwa ajili ya nyongeza yake anakula riba, na sioni mlango wa kuihalalisha. Ama mwenye kupiga kura, yeye hakukopesha wala hakukopa kwa nafsi yake. Ameulizwa kama ana ridhaa. Atakayesema kwamba kuridhia ni kusaidia, na kusaidia haramu ni haramu, ana hoja, nami simdharau. Na atakayesema kwamba hapa pana madhara mawili, la paa na la riba, na kwamba huyu raia mmoja katika mamilioni hana njia ya tatu iliyo wazi mbele yake, naye anachagua lililo khafifu hali moyo wake unachukia riba, huyo pia ana hoja, nami sithubutu kumweka safu moja na mla riba. Fikira yangu yaelekea upande huu wa pili, kwa sharti ya mizani ile mitatu. Lakini ni fikira, wala si fatwa ya kufungia watu.

Ila kuna mtu wa tatu, naye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Huyu husema "la, hii ni riba", kisha akaenda zake kulala. Skuli haijengi kwa deni kwa kuwa deni ni haramu. Haijengi kwa fedha yake kwa kuwa fedha yake ni yake. Amefunga milango yote miwili na ufunguo ameuita ucha Mungu. Mtu wa namna hii nampa neno moja: ikiwa umekataa deni la haramu, basi kataa kwako kumekudai. Toa kwa halali kile ulichozuia kisitolewe kwa haramu, kwa kadiri ya uwezo wako. La sivyo, usiseme kwamba umemwogopa Mungu. Sema kwamba umeogopa kupungukiwa.

Na huyu mtu, ndugu zangu, haishi California. Anaishi mtaani kwetu. Anasali safu ya kwanza nasi.

Sisi hatuulizwi kwa kura juu ya deni la serikali. Waheshimiwa hukopa, nasi hupata khabari baadaye. Lakini tunayo mambo yetu ambayo hapana serikali iliyotuzuia. Wazee wetu wa pwani walijua kujenga pasipo riba. Walifanya wakfu nyumba, maduka na mashamba ya minazi kwa ajili ya misikiti na wasomao. Katika miaka ya 1950 hapa Mombasa kilisimama chuo cha MIOME cha kuwafundisha vijana wa Kiislamu ufundi, kwa michango ya Sultani wa Unguja, ya Aga Khan, ya Mabohora, na ya serikali ya wakati ule. Nacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, wanaingia watoto wa kila kabila na dini. Na baada ya uhuru wa mwaka 1963 nchi nzima ilijenga skuli kwa harambee, mwenye shilingi akitoa shilingi, na asiye nayo akibeba mawe.

Je, sisi tumefanya nini? Iko madrasa moja ya mji wetu, ambayo sitaitaja jina. Bati lake limetoboka miaka mingi, na mvua za masika zikija watoto husogezwa upande mmoja kama mizigo. Kila mwaka hukutana kamati. Husemwa habari ya mkopo, likajibiwa: riba. Husemwa habari ya mchango, likajibiwa: hali ngumu. Husomwa Fatiha, watu wakaondoka. Na madrasa ile ile ina maduka mawili ya wakfu, yaliyopangishwa kwa kodi ya zama za wazee wetu, kodi ambayo leo hainunui hata gunia la mchele. Nani wapangaji? Ni sisi wenyewe, na jamaa zetu. Twauza kwa bei ya leo na twamlipa maiti kwa bei ya jana.

Basi tusiwacheke watu wa Poway. Wao walikula mali ya watoto ambao hawajakua. Sisi twala mali ya watoto waliokwisha achiwa na marehemu, hali marehemu hawezi kuzungumza na mtoto hajui la kusema. Wao walipogundua, walitunga sheria. Sisi twajua siku zote.

Mzee aliporudi kwangu baada ya siku tatu, nilimweleza haya kwa ufupi. Nilimwambia: "Mwambie kijana asinunue hati zile. Ama kura, na asome ile karatasi kama asomavyo mkataba wa nyumba: deni ni la miaka mingapi, malipo yanaanza lini, na nani wa kuangalia. Akiona yeye mwenyewe ni katika watakaoanza kulipa, na majengo yale ni ya lazima, na akasema ndiyo, simwoni kuwa amekosa. Na moyo wake ukikataa kwa khofu ya riba, anyamaze. Lakini mkono wake usinyamaze."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi je, Sheikh? Lile duka langu la wakfu?"

Sikuwa nimemtaja, wallahi. Deni lile la Los Angeles lilipita katika uchaguzi ule. Namna kijana alivyopiga kura sikuuliza, kwani kura ni siri ya mtu. Lakini baba yake, tangu mwezi uliofuata, analipa kodi kama wanavyolipa majirani wa duka lake wasiokuwa katika wakfu. Hakutangaza, nami nimepata idhini yake kulisema hili bila ya jina.

Nimewaomba watu wa darsa yetu jambo moja. Ijumaa ijayo baada ya sala, kila mwenye kupanga mali ya wakfu katika mtaa wetu alete karatasi: mahali, kodi anayolipa, na kodi ya jirani yake. Hatutasoma majina. Tutajumlisha tofauti tu, tuone ni mabati mangapi. Huenda tukakuta kwamba hatuhitaji mkopo wa mtu yeyote, na kwamba paa lile lilikuwa limo mifukoni mwetu muda wote huu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kumwona yule asiyekuwapo, na atuepushe na mali ambayo mwenyewe hawezi kuidai ila mbele Yake. Na Mungu ndiye ajuaye zaidi.